Sauti Sol, 2011 hadi 2015: vile bendi ya watu wachache ilikuja kuwa ya kila mtu

Mwaka 2011 Sauti Sol, bendi ya hapa Nairobi, walikuwa na kila kitu isipokuwa umati. Albamu mbili tayari, sauti nne ambazo zikishikana unanyamaza tu, magazeti yanawasifu, shoo zao Alliance Française, kile kituo cha utamaduni cha Wafaransa, watu wanazifuata, lakini ukipanda matatu ya Githurai ama Umoja ungekaa sana kabla usikie ngoma yao hata moja. Miaka minne baadaye, Julai 2015, rais wa Marekani, Obama, yuko State House Nairobi anacheza lipala, dansi ya wimbo wao, hao hao wanne wakiimba, na Novemba mwaka huo huo wanatoa albamu yenye vibao ambavyo nchi nzima tayari inavijua kwa moyo. Mimi nimewapenda tangu Lazizi, wimbo wa albamu yao ya kwanza, sifichi, na ninaandika hii kwa sababu kila nikisikia watu wakieleza vile hawa majamaa walipanda, naona wanaeleza nusu. Ati ni vifua wazi kwa video. Ati ni Obama. Ati ni bahati tu, walikuwa mahali pazuri wakati mzuri. Kisa chenyewe kina mengi kuliko hayo na ni kizuri zaidi, acha tukipitie polepole.

Kwanza elewa walianzia wapi, juu bila hiyo huwezi kuona ukubwa wa walichofanya. Kenya ilikuwa nchi ya bendi. Les Wanyika na Sina Makosa, Them Mushrooms na Jambo Bwana, hizo ni nyimbo hadi leo sherehe haiishi kabla zipigwe. Halafu mwishoni mwa miaka ya 90 kuingia 2000 mambo yakabadilika, prodyuza mmoja na kompyuta yake wakachukua kazi ya watu wanane. Lebo ya Ogopa wakatupa E-Sir na Nameless, wenzao Calif Records wakatupa Nonini na Jua Cali, na hiyo miziki naipenda hadi kesho, vijana wa mtaa walisikia lugha yao kwa redio na ilikuwa rahisi kutoa, haraka, bila kulisha kikosi kizima cha wanamuziki. Ila bendi ikabaki kitu cha wazee. Ukisema uko kwa bendi watu wanafikiria rhumba ya wikendi baa fulani, ama wale wa hoteli za Pwani wanaopigia watalii.

Sasa ndani ya hali hiyo, 2005, vijana watatu waliokuwa wanaimba pamoja Upper Hill High School, Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi, wanakutana na mpiga gitaa Polycarp Otieno pale Alliance Française na wanaamua watafanya kikundi cha sauti. Walianza kama watu wa kuimba bila vyombo kabisa! Wewe jiulize DJ wa 2005 angeweka wapi kitu kama hicho, kati ya genge na kapuka, ile mitindo ya vijana wa Nairobi, na dancehall. Hakukuwa na nafasi yao, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa heri yao ya kwanza, kwa sababu mtu asiyekuwa na nafasi redioni analazimika kujifunza stejini. Walijifunza mbele ya watu waliokaa wakiwaangalia midomo, na mbele ya watu kama hao huwezi kuficha sauti iliyoteleza.

Albamu ya kwanza, Mwanzo, ilitoka 2008 chini ya Penya, lebo ndogo ya hapa Nairobi. Lazizi ndiyo ilifanya watu wageuze shingo, wimbo wa mapenzi safi, gitaa na sauti, hakuna kelele. Lakini mimi kila mtu akiniuliza aanzie wapi namwambia Blue Uniform, ule wa polisi na vile wanasumbua vijana barabarani, kwa sababu hapo unasikia wana macho pia, si sauti tu. Februari 2011 ikafuata Sol Filosofia, iliyo na Coming Home. Albamu nzuri. Imekomaa, imepangwa, hakuna mahali unasema hapa walichoka.

Na hapo ndipo shida ilikuwa.

Fikiria vile ilikuwa kwao. Wameshafanya kazi miaka sita. Mashabiki wao ni watu wanaopenda muziki wa moja kwa moja, wanaoenda Blankets and Wine ile Muthoni the Drummer Queen alianzisha 2008, wanakaa kwa nyasi na familia na marafiki, wanasikiza vizuri, wanapiga makofi. Ni mashabiki wazuri sana hao na nilikuwa mmoja wao. Lakini ukienda shoo ya mwezi huu unaona sura za mwezi uliopita. Mduara haukui. Na bendi ina hesabu tofauti na msanii wa peke yake, kama promota anatoa pesa ile ile, msanii mmoja anaenda nyumbani nayo, hawa wanagawa mara nne, na kabla ya kugawa kuna mpiga dramu, kuna mpiga besi, kuna fundi wa sauti, kuna gari la kubeba vyombo. Sifa haijazi tangi. Bendi nyingi nzuri za Nairobi zimefia hapo hapo, si kwa kukosa kipaji, ila kwa kupendwa na watu wachache mno kwa muda mrefu mno. Ama zinabaki kuwa bendi za mabalozi, kila sherehe ya ubalozi na kila warsha ya shirika wanaitwa, wanalipwa vizuri kiasi, na mtaani hakuna anayewajua.

Kwa hivyo njia zilikuwa wazi mbili. Moja, kaa hivyo hivyo, linda jina, uheshimike. Ya pili, tupa zile sauti, tafuta prodyuza wa wakati huo akutengenezee ngoma ya klabu kama ya kila mtu. Wao hawakuchukua yoyote kati ya hizo, na hii miaka miwili ya 2012 na 2013 ndiyo watu wanairuka wakieleza hii hadithi, na kwangu ndiyo moyo wa kisa chote.

2012 walitoa EP, yaani albamu fupi, na Spoek Mathambo, rapa na prodyuza wa Afrika Kusini, kitu cha elektroniki, midundo inakatika katika, sauti zimewekwa mahali hujazoea. Mashabiki wengi wa zamani hawakuielewa na sikumbuki mtu akiiomba shoo. Lakini sikiza vizuri nyimbo zilizokuja baada ya hapo halafu urudi nyuma kwa Sol Filosofia. Kwa Sol Filosofia mdundo unasindikiza sauti, unakaa nyuma na adabu zake. Baada ya Mathambo mdundo na sauti vinasukumana, vinapeana nafasi, kuna mahali wote wananyamaza besi inaongea peke yake. Mimi naamini hapo ndipo walijifunza kwamba mpangilio wa sauti nne hauhitaji kimya ndio usikike, unaweza kukaa juu ya kitu kizito na bado ukasikika. Hakuna tuzo walipata kwa hiyo EP lakini walipata sikio jipya.

Halafu wakaenda kwa kundi la P-Unit, wakatoa Gentleman. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu kolabo zingine ni za kupiga picha tu lakini hii ilikuwa na maana yake. P-Unit walikuwa watoto wa genge, watu wa mtaa, watu ambao matatu zote zinawajua. Sauti Sol walikuwa vijana wa Alliance Française. Wakati ule hizo zilikuwa Nairobi mbili ambazo hazikutani sana, na wimbo mmoja ukazileta kwa meza moja, na kiitikio kikabebwa na sauti zile zile za Lazizi. Mtu wa Kayole aliyekuwa hajawahi kanyaga Alliance Française akajua hawa ni akina nani. 2013 wakafuatisha na Still the One na Money Lover, na polepole unaona mduara unaanza kupanuka, redio zinacheza, ila bado haijalipuka.

2014 ikalipuka. Nishike.

Wenye walikuwepo wanakumbuka vile ilikuwa. Video ina wale vijana watulivu wa gitaa wamevua mashati, kuna mapenzi ya wazi wazi, na vituo kadhaa vya TV vikakataa kuionyesha. Mjadala kila mahali, makanisani, redioni asubuhi, ofisini, kwa familia. Kuna watu walioumia kabisa, wakasema tumewapoteza, hawa walikuwa vijana wa heshima. Na hapo ndipo ile hoja ya vifua wazi inatoka, kwamba waliuza mwili ndio wakajulikana. Hoja hiyo inakosa vitu viwili. Kwanza funga macho usikize Nishike bila video. Ni wimbo wa sauti, ule ufundi wa kuweka moja juu ya nyingine, pole pole, hakuna haraka, gitaa la Polycarp linatembea chini yake kwa unyenyekevu. Ukitoa hiyo video kabisa wimbo unasimama. Pili, kelele za video zinaisha baada ya wiki chache, tumeona wangapi walitingisha nchi na video moja na leo hakuna anayewakumbuka. Kelele inakupa macho ya watu kwa muda mfupi. Kazi ni kujua utawaonyesha nini wakiwa bado wanaangalia.

Na wao walionyesha Sura Yako.

Hapa ndipo napenda hawa majamaa kuliko mahali pengine pote. Kila mtu anatarajia Nishike ya pili, iliyo kali zaidi, iliyovua zaidi. Wao mwaka huo huo wanatoa wimbo ambao unaweza kuuweka mbele ya nyanya yako na akasimama kucheza. Wimbo wa kumsifu mpenzi, Kiswahili chepesi, na ndani yake wakaweka lipala, dansi yenye mizizi kwa Waluhya wa magharibi mwa Kenya, mabega na miguu, rahisi kiasi kwamba mtu anaiga akiona mara moja. Mtu wa Kakamega alisikia nyumbani. Mtu wa Nairobi akapata kitu cha kucheza ambacho hakikutoka Lagos wala Kingston. Na wale waliokasirika na Nishike wakarudi kimya kimya, kwa sababu msimu huo hakukuwa na harusi isiyopiga Sura Yako, na huwezi kukaa kitini harusi nzima. Ukipanga hizo nyimbo mbili kinyume, Sura Yako kwanza na Nishike baadaye, naona mambo yangeharibika, watu wangesema mafanikio yamewalewesha. Vile walivyozipanga, ya kwanza iliwafanya watu wageuke na ya pili ikawafanya wakae. Kama walipanga hivyo makusudi ama ilitokea tu, matokeo ni yale yale, na nyimbo zote mbili zilikuwa tayari na zimefanywa vizuri, hiyo haitokei tu.

Novemba 2014 wakashinda tuzo ya msanii bora wa Afrika kwa MTV Europe Music Awards, zile zilifanyika Glasgow. Orodha ilikuwa na Davido, ilikuwa na Diamond Platnumz, watu wenye majeshi ya mashabiki. Na ni tuzo ya kura. Bendi ya Kenya, iliyokuwa miaka mitatu nyuma inajulikana na watu wa kukaa kwa nyasi, ikapata kura kushinda hao. Sisi tuliokuwa tunawajua kitambo tulipiga kura kama wendawazimu, lakini sisi peke yetu tusingetosha hata kidogo. Hizo kura zilitoka kwa watu wa Gentleman, wa Nishike, wa Sura Yako. Hapo ndipo ile kazi ya 2012 na 2013 ililipa.

2015 ilikuwa mvua. Isabella, Shake Yo Bam Bam, Nerea. Kuhusu Nerea niseme neno, waliifanya na Amos and Josh, vijana waliotoka Tusker Project Fame, lile shindano la kuimba la TV, na ni wimbo wa mwanaume anayemsihi mwanamke asitoe mimba, anataja watu wakubwa ambao mtoto angeweza kuja kuwa. Ulipendwa sana na ulipingwa sana, wanawake wengi walisema unaweka mzigo wote kwa Nerea na huyo mwanaume anaahidi tu kwa mdomo. Naona walikuwa na haki ya kusema hivyo. Nataja hii kwa sababu inaonyesha wamefika wapi, mwaka wa 2011 wangeimba hiyo kitu na isingezua chochote, watu wachache wangepiga makofi na kuenda nyumbani. 2015 wimbo wao unakuwa mjadala wa nchi. Hiyo ni saizi nyingine ya bendi.

Sasa Julai, Obama. Uhuru Kenyatta ameandaa dhifa State House, Sauti Sol wanapiga, Sura Yako inakuja, na Obama anainuka anacheza lipala, video inazunguka dunia nzima. Bahati? Ndiyo, kuna bahati, sitabisha. Lakini jiulize kwa nini ni wao walikuwa pale jioni hiyo. Ikulu inataka kundi ambalo linapiga vyombo moja kwa moja bila kuaibisha mtu, ambalo wazee wanalipenda na vijana wanalipenda, lina wimbo wa Kiswahili wenye dansi ambayo mgeni anaweza kuifuata papo hapo bila kujikwaa. Hebu tafuta mwingine wa kujaza orodha hiyo yote Kenya ya 2015. Kila kitu kwenye hiyo orodha walikuwa wamekijenga kwa miaka kumi, stejini, kipande kwa kipande, na jioni ile vikakutana.

Halafu Novemba 2015, Live and Die in Afrika, na wakaiweka mtandaoni watu waichukue bure kwa muda. Bure! Watu walisema ni wazimu, bendi iko juu kabisa, kila mtu angenunua, wanatoa bure. Tuongelee pesa basi, kwa sababu hapa ndipo unaona wanajua kazi yao. Albamu Kenya wakati huo ilikuwa inauzwa wapi? CD ikitoka leo, kesho iko River Road imechomwa na inauzwa bei ya chai. Mrabaha kutoka vyama vya kukusanya ulikuwa kilio cha kila msanii. Pesa za kweli za mwanamuziki Kenya zilitoka kwa shoo, kwa matangazo, na kwa Skiza, ile miito ya Safaricom ambayo mtu akikupigia anasikia wimbo. Kwa hivyo albamu yenyewe haikuwa bidhaa, ilikuwa mwaliko. Na mwaliko unautoza mtu kwa nini? Ukiutoa bure wewe mwenyewe, unapata sifa ya kuutoa, watu wanakuja kwako badala ya kwenda River Road, na wimbo unafika Eldoret na Dar na Kampala siku hiyo hiyo.

Lakini angalia kilichowawezesha. Walikuwa wanafanya kazi chini ya kampuni yao wenyewe sasa, Sauti Sol Entertainment. Nyimbo ni zao. Hakuna mtu wa kuombwa ruhusa. Kama albamu ile ingekuwa ya lebo kubwa, lile wazo la kuitoa bure lingekufa kwa mkutano wa kwanza. Na hili ndilo jambo naliweka juu ya yote kwa hiki kisa: walikaa bila lebo kubwa muda mrefu vya kutosha kiasi kwamba walipopendwa na kila mtu, mali ilikuwa bado mikononi mwao. Wenye walipata umaarufu haraka kuliko wao mara nyingi waligundua baadaye kwamba waliuza kitu asubuhi ambacho bei yake ilipanda jioni.

Kuna kitu kingine ndani ya hiyo albamu watu hawakitaji. Nishike imo, ile iliyokataliwa na TV. Na Kuliko Jana imo pia, ambayo ni sala, baadaye wakaifanya na kwaya ya RedFourth na leo inaimbwa makanisani na watu wazima wakilia. Albamu moja! Msanii mwingine angeambiwa na meneja achague, wewe ni wa klabu ama wa kanisa. Wao hawakuchagua kwa sababu kilichoshikilia albamu ile ni namna wanavyoimba pamoja, mada inaweza kuwa yoyote. Sauti ndiyo nyumba, nyimbo zinaingia na kutoka.

Nije kwa kitu ambacho kama shabiki nakistaajabia zaidi ya tuzo na Obama. Walibaki wanne. Wale wale. Kutoka 2005. Mtu yeyote aliyewahi kuwa hata kwa kwaya ya shule anajua vile ni ngumu. Bien ni mwandishi na sauti inayosikika kwanza, ana uso ambao kamera inaupenda, na kila bendi yenye mtu kama huyo huwa inafika siku anaambiwa na watu wa nje, wewe ndiye bendi, hawa wengine unawabeba. Savara anaimba, anapiga dramu na besi, anatengeneza midundo. Chimano ana ile sauti ya chini, na saksafoni, na kinanda, na ndiye aliwafundisha watu kwamba bendi ya Kenya inaweza kuvaa vizuri hivyo. Polycarp haimbi mbele sana lakini toa gitaa lake kwa Sura Yako uone kama kuna kitu kimebaki. Ukisikiza nyimbo zao utaona mbele panabadilishwa, huyu anaanza, yule anachukua ubeti wa pili, wote wanakutana kwa kiitikio. Hakuna anayekaa nyuma wimbo mzima akisubiri mshahara. Kwa miaka ile minne tunayoizungumzia, wakati pesa ilianza kuingia kwa kweli, wakati bendi nyingi huanza kuhesabiana, hawa walikuwa wanafanya ule muziki wao mzuri zaidi wa pamoja.

Sasa, kuna gharama na ni lazima isemwe. Ukali wa Blue Uniform ulipotea kwa muda. Kati ya 2013 na 2015 ni mapenzi, sherehe, mapenzi, sherehe, na Kenya ya miaka hiyo ilikuwa na mengi ya kuimbwa. Nilikosa hiyo sauti yao na si mimi peke yangu. Ilirudi 2018 kwa Tujiangalie na Nyashinski, ule wimbo unaotuuliza nchi imefika wapi, na ulivyorudi ulikuwa na masikio mengi mara mia kuliko ya Blue Uniform, kwa hivyo unaweza kusema walienda kutafuta watu wa kuwasikiza kwanza. Mimi nakubali hivyo nusu. Nusu nyingine bado naona kuna nyimbo ambazo hatukupata.

Na wengine watasema hawa walikuwa na mwanzo mzuri, shule nzuri, Kiingereza kizuri, Alliance Française iliyowapa steji na ukumbi na watu. Ni kweli, kijana wa Dandora mwenye sauti kama ya Bien huenda hakuwa na njia ya kufika pale. Lakini mwanzo huo huo ndio ungewazika, kwa sababu ulikuwa unawapa maisha ya kutosha kukaa mahali pamoja wakipigiwa makofi. Kutoka pale kwenda kwa P-Unit na kwa lipala ilikuwa kuacha mahali pa starehe.

Yaliyofuata mnayajua, siyarefushi. Albamu ya Afrikan Sauce iliyojaa kolabo, Burna Boy, Tiwa Savage, Patoranking. Sol Generation, lebo yao ya kuinua wengine, Bensoul na Nviiri na Crystal Asige na Kaskazini. Midnight Train Juni 2020, hapo sasa wakiwa na Universal, na tazama waliingia kwa lebo kubwa wakiwa na miaka kumi na mitano ya kazi, si wakiwa watoto wanaoomba nafasi. Mwaka huo huo Time Flies na Burna Boy kwa albamu yake iliyokuja kushinda Grammy 2021.

Jambo moja la baadaye linafaa hapa lakini, kwa sababu linarudi kwa ile hoja ya mali. Mei 2022, katikati ya kampeni, muungano wa Azimio ulitumia wimbo wao Extravaganza siku ya kumtangaza mgombea mwenza, na Sauti Sol wakatoa taarifa hadharani kwamba hakuna aliyewaomba ruhusa ya kuuweka wimbo wao kwa video. Bodi ya hakimiliki ikaingia, kukawa na ubishi kama leseni ya kupiga wimbo hadharani inatosha ama kuubandika kwa picha za kampeni ni ruhusa nyingine kabisa. Nchi nzima wiki hiyo ilikuwa inabishana kuhusu leseni za muziki, watu ambao hawajawahi kufikiria kwamba wimbo una mwenyewe. Wanamuziki wangapi Kenya wangeweza kusimama mbele ya muungano mkubwa wa kisiasa miezi mitatu kabla ya uchaguzi na kusema hiki ni chetu? Ili useme hivyo lazima kiwe chako kwanza, na uwe na watu wa kutosha nyuma yako kiasi kwamba taarifa yako haiwezi kupuuzwa. Mali ilitokana na kukaa peke yao. Watu walitokana na ile kazi ya kutoka kwa nyasi kwenda kwa matatu.

Novemba 2023 wakapiga Sol Fest Nairobi na kupumzika kama kundi, kila mtu kwa kazi zake, baada ya miaka kumi na minane. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetoka na kuchukua jina. Walisimama wanne stejini na kuimba zote, za Mwanzo na za Midnight Train, na wale waliokuwa wanaimba Lazizi na wale waliokuwa wanaimba Suzanna walikuwa umati mmoja, wengine hawakuwa hata wameanza shule ile mwaka Sol Filosofia inatoka.